Mikono inapokaza wakati wa kupandisha fimbo ya gofu: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

"Bosi, nyoosha mkono!" Kedi, mbeba fimbo wa mchezaji, anasema kwa nia njema kabisa, na mchezaji anatii. Anakaza kiwiko cha kushoto mpaka mishipa ya shingo inasimama, anapandisha fimbo, anashusha, na mpira unaviringika hatua ishirini kwenye nyasi. Anaambiwa tena anyooshe, naye anakaza zaidi. Nimeona jambo hili kwenye viwanja vya mazoezi mara nyingi mno, na karibu kila anayeniuliza kuhusu mikono yake ameshawahi kupewa ushauri huo wa maneno mawili bila maelezo.

Mkono ulionyooka ni matokeo ya kifua kuzunguka vizuri huku vidole vikiwa vimetulia. Hauletwi na nguvu za misuli ya mkono. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayaelewa kabla hujayasoma.

Maelezo yote ni ya mchezaji wa mkono wa kulia, yule ambaye bega lake la kushoto ndilo linalotazama shabaha. Wa mkono wa kushoto ageuze. Ninaposema kupandisha fimbo nina maana ya safari yote tangu fimbo inapoondoka kwenye mpira mpaka inapofika kileleni, kabla ya kuanza kushuka.

Kwanza jipige video

Usirekebishe kitu ambacho hujakiona. Egemeza simu kwenye begi, kimo cha mikono yako, upige mipira mitano ukirekodiwa kwa mbele na mitano ukirekodiwa kutoka nyuma, simu ikiwa kwenye mstari wa shabaha. Tumia fimbo namba 7 tu. Dreva, ile fimbo ya kupigia mbali, ni ndefu na inachanganya mambo, na fimbo fupi mno huficha kasoro. Mpira wa kwanza na wa pili usiuhesabu, kwa sababu kila mtu hujitahidi mbele ya kamera. Kasoro yako ya kweli itaonekana kuanzia mpira wa tatu.

Dalili: vigasha vimekaza kabla fimbo haijaondoka

Unajiona kwenye video ukisimama juu ya mpira muda mrefu, mabega yakiwa yamepanda karibu na masikio. Baada ya mashimo machache vigasha vinachoka kama umelima. Glovu inatoboka haraka, hasa kwenye nyama ya chini ya kiganja.

Chanzo kinachoongoza ni fimbo kushikwa kiganjani badala ya vidoleni. Mpini ukilala katikati ya kiganja haukai imara, nao mwili unajua hilo, kwa hiyo vidole vinabana ili kufidia. Tundu la glovu pale chini ya kiganja ndilo ushahidi: mpini ulikuwa unasugua na kuteleza. Lalisha mpini uanzie kwenye maungio ya katikati ya kidole cha shahada cha kushoto, upite mshazari hadi kwenye mzizi wa kidole cha mwisho, ndipo ufunge ile nyama ya kiganja juu yake. Ukishika hivyo, vidole vitatu vya mwisho vinatosha kuibeba fimbo.

Kinachofuata ni mpini wenyewe. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar jasho halina huruma, na mafuta ya kujikinga na jua yakiingia mikononi mpini unakuwa kama samaki. Usikimbilie dukani. Osha mipini kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa brashi laini, kausha kwa kitambaa, acha usiku kucha. Ikiwa bado inang'aa na ni migumu kama plastiki, badilisha. Anayecheza kila wiki abadilishe mipini walau mara moja kwa mwaka. Beba pia taulo mbili, moja ya fimbo na moja ya mikono yako, wala zisichanganywe.

Mara chache zaidi, mpini ni mwembamba mno kwa mkono wa mwenye fimbo, hasa kama fimbo amezirithi kwa mtu mwingine. Fundi anaweza kuongeza tabaka za utepe chini ya mpini mpya, na hiyo si kazi ya gharama kubwa.

Upimaji ni rahisi. Shika fimbo ikiwa imesimama wima mbele yako, kwa nguvu ndogo kabisa inayoizuia isidondoke. Hiyo ni 1. Sasa ibane uwezavyo. Hiyo ni 10. Unatakiwa kuwa kwenye 4 hivi unaposimama juu ya mpira, na ubaki pale mpaka kileleni. Wengi wanaanza na 4 wakamaliza na 8 bila kujua. Fimbo nzima ya namba 7 haifiki nusu kilo, na mpira kwa kanuni hauzidi gramu 45.93. Jembe la mkono ni zito zaidi, na hakuna mkulima anayelibana namna hiyo kutwa nzima.

Dalili: kiwiko cha kushoto kinakunjika kileleni

Hili ndilo lalamiko namba moja, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Kabla ya kulirekebisha jiulize kama kweli ni kosa. Harry Vardon, aliyeshinda The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, mara 6 kati ya 1896 na 1914, alikuwa akikunja kiwiko cha kushoto waziwazi. Ed Furgol, ambaye mkono wake wa kushoto ulibaki umepinda tangu ajali ya utotoni, alitwaa US Open ya 1954, mashindano makubwa ya Marekani. Na Calvin Peete, aliyevunjika kiwiko hicho hicho akiwa mtoto na hakuweza kukinyoosha kikamilifu tena, aliongoza PGA Tour, mzunguko mkuu wa wachezaji wa kulipwa Marekani, kwa usahihi wa mapigo ya kwanza ya shimo miaka 10 mfululizo, 1981 hadi 1990. Mkono wenye mkunjo kidogo, unaokunjika vilevile kila mara, unaweza kukupigia mpira mzuri maisha yako yote. Tatizo ni mkono unaokunjika leo hivi na kesho vile. Ndiyo maana mpira mmoja unachimba ardhi na unaofuata unagongwa utosini.

Ukiwa na tatizo hilo, anza na sababu hii: kifua kimeshasimama, lakini mikono bado inasafiri. Mchezaji anataka umbali, anaamini fimbo ikipanda juu zaidi itashuka kwa nguvu zaidi. Kifua kikifika mwisho wa safari yake, mikono haina pa kwenda ila kujikunja. Angalia video ya mbele, isimamishe pale kifua kinapoacha kuzunguka, kisha uone mikono inaendelea umbali gani. Umbali huo wote ni wa bure, hauongezi chochote.

Dawa yake: piga mipira kumi ukisimamisha mikono usawa wa kidari. Utahisi kama hujapandisha fimbo kabisa. Rekodi, uangalie. Karibu kila mara mikono iliyohisi kuishia kidarini kwa kweli imefika begani, na mpira umekwenda pungufu ya mita chache tu ya ule wa nguvu zote. Kaa hapo wiki mbili. Jon Rahm anapandisha fimbo kwa ufupi hivyo, sababu mojawapo ikiwa mguu wake wa kulia aliozaliwa nao ukiwa na kasoro, na kwa swingi hiyo, yaani mzunguko wake wa kupiga, ameshinda mashindano makubwa mawili: US Open ya 2021 na Masters ya 2023.

Sababu ya pili ni mwili usiozunguka. Pengine mgongo umekaza kwa kukaa ofisini, pengine ni umri tu. Pishanisha mikono kifuani, simama kama unapiga mpira, zunguka kulia. Bega la kushoto likishindwa kufika chini ya kidevu, usilazimishe mikono ifanye kazi ya mgongo. Geuza nyayo ya kulia itazame nje kidogo, na uruhusu kisigino cha kushoto kiinuke. Jack Nicklaus, bingwa wa Marekani, aliinua kisigino hicho katika miaka yake yote ya ushindi, hivyo usikubali mtu akuambie kwamba ni tabia ya wanaoanza. Kwa mzee wa miaka sitini, mabadiliko haya mawili yanaweza kumfaa kuliko mwezi mzima wa kukaza kiwiko.

Kisha kuna mkono wa kulia. Kiwiko cha kulia kikikunjika kupita kiasi, mpaka ngumi inakaribia bega, kinauvuta wa kushoto nao ukunjike. Ukiwa unapandisha, sukuma kidole gumba cha kushoto kwa kiganja cha kulia, taratibu, kama unayeisogeza mikono mbali na kifua. Msukumo mdogo tu. Ukisikia bega la kushoto linavutika sana, umezidisha.

Sababu ya mwisho ni chache lakini inashangaza watu: mkono unakunjika kwa sababu ulikazwa mno mwanzoni. Misuli iliyobanwa kwa nguvu zote haiwezi kudumu hivyo, inaachia katikati ya safari, na inaachia kwa ghafla. Aliyeambiwa anyooshe mkono akanyoosha kwa nguvu anaishia na mkunjo mkubwa kuliko wa mwanzo. Huyu asome sehemu inayofuata.

Dalili: mkono mgumu kama ubao, mpira unagongwa utosini, umbali umepotea

Misuli ya mkono inapokaza inafupisha mkono, hata kama ni kidogo sana. Fimbo iliyowekwa sawasawa nyuma ya mpira inarudi ikiwa juu kidogo, na ule juu kidogo unatosha kugonga kichwa cha mpira. Pia kifundo cha mkono kinakataa kujikunja, na kasi kubwa ya kichwa cha fimbo inatokana na mkunjo huo. Kwa hiyo mchezaji anatumia nguvu nyingi na mpira unakwenda karibu.

Mara nyingi chanzo ni ule ushauri niliouanza nao. Neno kunyoosha limeeleweka kama kufunga. Simama wima, acha mikono ining'inie kama unavyotembea. Ona kiwiko chako: hakijakunjwa, hakijafungwa. Ubaki hivyo hivyo, inama kutoka kwenye nyonga, shika fimbo. Huo ndio mkono ulionyooka unaotakiwa. Mwombe mwenzako akitikise kiwiko chako ukiwa umesimama juu ya mpira. Kikitikisika, sawa. Kikiwa kama mguu wa meza, anza upya.

Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Tanzania na Uganda walianza wakiwa makedi. Ukiwatazama wale waliojifunzia utotoni kwa fimbo moja ya kuazima utaona mikono yao inavyotiririka. Hawakuanza na orodha ya mambo ya kufunga, walianza kwa kuirusha fimbo na kuisikiliza inavyovuma hewani. Zoezi hilo lipo kwa kila mtu: geuza fimbo, shika upande wa kichwa, pandisha na ushushe bila mpira. Sauti ya mvumo itoke mbele ya mguu wa kushoto. Ikitoka mapema, juu ya bega la kulia, mikono bado imekaza.

Mwendo nao una sehemu yake. Kwa wachezaji wakubwa, kupandisha fimbo huchukua takriban mara tatu ya muda wa kushuka mpaka kwenye mpira. Hesabu moja, mbili, tatu ukipanda, na nne iwe mpira. Anayenyakua fimbo kutoka kwenye mpira hana tatu, ana moja tu, na mabega hukaza ili kuisimamisha fimbo iliyokimbia. Tatu zikirudi, mabega yanashuka yenyewe.

Kwa walio Nairobi, asubuhi za Julai zina baridi ya kutosha kukaza misuli ya mtu yeyote. Tembea dakika kumi na uzungushe mikono kabla ya shimo la kwanza. Huenda huna kasoro yoyote, unahitaji joto tu.

Dalili: kiwiko cha kulia kinaruka nje, mbali na mbavu

Hapa pia pana mfano wa kukutuliza. Nicklaus, mwenye mataji makubwa 18, alikuwa na kiwiko cha kulia kilichoruka, na wakosoaji walikisema sana. Kama mpira wako unakwenda ulikoutuma, kiache.

Kama unakata slaisi, yaani mpira unapinda kulia, kila shimo, chanzo cha kawaida ni mikono kuinuliwa bila kifua kuzunguka. Fimbo inapanda wima kama ya anayepasua kuni, halafu inashuka kutoka nje kuja ndani. Kinachofuata ni kusimama karibu mno na mpira, mikono ikakosa nafasi ya kupita. Pima: kati ya ncha ya mpini na paja ipite ngumi moja na zaidi kidogo.

Kurekebisha, fikiria umebeba sinia la vikombe kwa kiganja cha kulia juu ya bega. Kiwiko kitatazama chini chenyewe, maana vinginevyo vikombe vinaanguka. Wengine wanabana taulo kwapani mwa mkono wa kulia. Linafaa kwa mapigo ya nusu tu. Kwenye pigo kamili taulo linatakiwa lianguke, na anayelibana mpaka kileleni anarudisha ugumu uleule tunaoukimbia.

Dalili: fimbo inaingia ndani mapema, mikono inanaswa nyuma ya mwili

Mpira unatoka kulia moja kwa moja, au unapinda kushoto kwa nguvu, ile huki ya kutisha. Vigasha vinaviringika mara fimbo inapoondoka, na mikono inavuta kuelekea mfuko wa nyuma wa suruali. Simamisha video ya nyuma pale fimbo inapokuwa sambamba na ardhi. Kichwa cha fimbo kinatakiwa kiifunike mikono au kiwe nje yake kidogo, na ncha yake itazame juu au iiname mbele kidogo. Kikiwa nyuma ya mikono, umeviringisha.

Weka mpira wa pili nusu mita nyuma ya mpira wako, kwenye mstari wa shabaha, na uusukume kwa nyuma ya kichwa cha fimbo unapoanza kupandisha. Ukiuviringisha nyuma kwa unyoofu, mikono itakuwa mbele ya kifua panapotakiwa.

Dalili: mazoezini sawa, kwenye shimo la kwanza mikono inakufa

Mbinu yako haina ubaya. Watu wanakutazama, na mwili umekaza kujilinda. Usijaribu kurekebisha kiwiko pale. Toa pumzi yote nje kabla ya kusogelea mpira, tikisa fimbo mara mbili kwa vifundo vya mikono, tazama shabaha mara moja, piga. Usikae juu ya mpira zaidi ya sekunde chache. Chagua fimbo unayoiamini, hata kama wenzako wote wametoa dreva.

Acha kupiga, nenda hospitali

Uchovu wa misuli unaoisha baada ya siku mbili ni wa kawaida. Mambo yafuatayo hayarekebishwi kwa zoezi lolote.

Maumivu ya kifua, au uzito unaosambaa kwenye mkono wa kushoto, taya au mgongo, pamoja na jasho la baridi au pumzi kukata: acha mchezo papo hapo, upelekwe hospitali. Usimalizie shimo wala usiendeshe gari mwenyewe.

Maumivu upande wa nje wa kiwiko cha kushoto, au upande wa ndani wa kiwiko cha kulia, yanayorudi kila ukishika fimbo au hata kikombe, ni kano zilizochoka. Pumzisha. Yakizidi wiki mbili, mwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Kumeza dawa za maumivu ili ucheze kunageuza tatizo la wiki kuwa la miezi.

Umegonga mzizi au jiwe, na sasa panauma chini ya kiganja cha kushoto upande wa kidole cha mwisho? Pale pana mfupa mdogo wenye ndoano, na ncha ya mpini hukaa juu yake hasa. Unaweza kuvunjika, na eksirei ya kawaida inaweza isiuonyeshe. Mwambie daktari kwamba unacheza gofu na umeumia wakati gani, ili ajue pa kutazama. Wengi wanadhani wameteguka tu, wanaendelea kucheza.

Ganzi kwenye kidole cha mwisho na jirani yake, bega linaloruka au kukwama, mkono unaoishiwa nguvu ghafla: hizo pia ni kazi za daktari.

Lini umtafute kocha

Kama umefanya zoezi moja kwa wiki tatu, na video ya mwisho inafanana na ya kwanza, usiongeze zoezi la pili juu yake. Hapo unahitaji jicho la mtu mwingine. Vilevile kama una jeraha la zamani, mfupa uliounga vibaya au bega lililowahi kufanyiwa upasuaji, anza na kocha kabla ya kujaribu chochote hapa, na umweleze hali hiyo mapema ili aitafutie swingi mwili ulio nao.

Mpelekee zile video kumi za mwanzo, si zile ulizozipenda. Mpelekee pia glovu yako ya zamani. Tundu lake litamweleza unavyoshika fimbo kabla hujapiga hata mpira mmoja mbele yake.